Nguvu Zangu, Nguvu Yake: Maoni juu ya Neno Moja katika Kamusi Zetu na katika Vinywa vya Watu wa Nachingwea na Ruangwa

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ni kitabu ambacho hapana mwanafunzi wa lugha yetu asiyekuwa na deni nacho. Kuitazama kwa jicho la uhakiki si kuishushia hadhi. Ni kuitumia inavyostahili. Katika makala haya nataka kulishika neno moja tu, nalo ni nguvu. Pembeni mwa neno hilo imewekwa alama ya ngeli i-/zi-, ile ile iwekwayo pembeni mwa nyumba, kalamu na ndizi, na kamusi zilizofuata zimeishika desturi hiyo. Maana ya alama ni wazi: neno lina umoja na lina wingi, na kati ya hali hizo mbili hapana tofauti ila ya hesabu. Nyumba yangu ni moja, nyumba zangu ni zaidi ya moja.

Kwa neno nguvu alama hiyo yapotosha. Kiambishi i- kipo, na zi- kipo. Upotovu uko katika kile kistari cha mshazari kinachoviunganisha. Asemaye "nguvu zangu zimekwisha" hakuhesabu nguvu akazikuta tatu au nne. Wala asemaye "nguvu ya hoja" hakuitenga moja kati ya nyingi. Dai langu ni kwamba tunazo hapa maana mbili, na kwamba upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenga. Kwa zi-, nguvu ni akiba iliyomo ndani ya mwenyewe: hujaa, hupungua, huisha, hurudi. Kwa i-, nguvu ni msukumo unaotoka kwa mmoja na kumfikia mwingine.

Msomaji na ajipime mwenyewe. Mgonjwa aliyeanza kula husema nguvu zimeanza kurudi. Mzee akiulizwa hali hujibu kwamba nguvu hana tena, zimekwenda na ujana. Dereva husifu injini ya nguvu za farasi kadhaa, maana farasi naye ni kiwiliwili chenye akiba yake. Na yule anayeandika matangazo ya dawa kwenye kuta za miji yetu huandika nguvu za kiume, hata siku moja hakuandika nguvu ya kiume; katika jambo hili amekuwa mwanasarufi bora kuliko sisi tuliosomea. Upande wa pili tunasema nguvu ya fedha, nguvu ya soko, nguvu ya sheria, nguvu ya mkondo wa maji. Humo hatuulizi imebaki kiasi gani. Twauliza inamfanya nani nini.

Sidai kwamba mpaka huu haukiukwi. Vijana wa mijini husema "nguvu yangu" pasipo haya, na wahubiri wamezoea "nguvu ya Mungu" mahali ambapo wazee wengi wangesema "nguvu za Mungu". Lakini hata hapo badiliko lina njia yake. Mhubiri anayesema nguvu ya Mungu aghalabu anasimulia jambo lililotendeka: mtu ameponywa, mtu ameangushwa chini. Anaeleza msukumo, haelezi hazina.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili hautoki pwani, ambako watafiti wetu wamezoea kuulizia asili ya kila neno, bali bara ya kusini. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni nchi ya Wamwera hasa, na pamoja nao wako Wayao, Wamakonde na Wamakua. Watu hao husema Kiswahili sokoni, shuleni na ofisini, na wengi wao nyumbani pia. Lakini nyuma ya Kiswahili hicho zimesimama lugha zilizolea masikio yao. Lyndon Harries alitoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizionyesha lugha hizo kwenye ramani za atlasi yake ya mwaka 2009. Basi zipo katika maandishi. Tulichokosa ni kuzisoma pamoja na Kiswahili, kana kwamba jirani hana la kumwambia jirani.

Mmwera ataja nguvu kwa neno mashili, na nguvu zangu kwake ni mashili gangu. Myao, ambaye lugha yake ni ndugu wa karibu, asema machili, na machili gangu. Mmakonde ana dimongo. Mmakua ana ikuru. Maneno haya, kwa sura zake, yametoka kwenye mashina mbalimbali. Hapana mmoja aliyemwazima mwenziwe neno zima isipokuwa Mmwera na Myao wanaoshiriki moja. Lakini yote manne yako katika wingi. Mashili na machili yamo katika ngeli ya ma-, ile ya maji, mate, maziwa na mafuta, yaani vitu ambavyo havihesabiki ila hupimika. Dimongo lina kiambishi cha wingi mbele yake. Ikuru halionyeshi kitu kwa sura yake, kama nguvu lisivyoonyesha, lakini maneno yanayolifuata huja kwa upatanisho wa wingi. Lugha nne, mashina matatu, na wazo moja: kilichomo mwilini si kimoja, ni vingi visivyo na idadi.

Tukitoka kusini tukatazama mbali zaidi, twakuta hali ni ile ile. Wasukuma husema nguzu, na upatanisho wake ni wa wingi. Waganda wana amaanyi, Wabemba amaka, Wazulu amandla, yote katika ngeli ya ma-. Wanyanja husema mphamvu zanga kama sisi tusemavyo nguvu zangu. Wakikuyu wamejitenga: hinya yao ni ya umoja. Hiyo yatosha kutuonya tusitangaze kanuni isiyo na kasoro kwa lugha zote za Kibantu. Lakini umoja wa wengine hao, kutoka Ruvuma hadi ziwa la Victoria na hadi kusini ya mbali, si bahati nasibu.

Kuhusu asili ya neno nguvu lenyewe nitasema kidogo tu, maana njia imekwisha kupitwa. Nguvu ya Kiswahili, inguvu ya Kirundi na nguzu ya Kisukuma ni neno moja lililopita katika vinywa mbalimbali. Ile v ya mwisho yafaa ilinganishwe na v ya maneno kama mtulivu kutoka tulia na mlegevu kutoka legea, ambamo sauti ya l ya zamani, ilipokutana na u ya namna fulani, iligeuka. Carl Meinhof alipoandika juu ya sauti za Kibantu mwaka 1899 alikwisha kutambua kwamba lugha mama ilikuwa na irabu za namna hiyo, zenye tabia ya kuzigeuza konsonanti zilizo mbele yake. Basi nguvu si neno la kuazimwa kutoka ng'ambo, tofauti na nishati lililotoka Kiarabu. Ni la nyumbani na ni la kale, na wingi wake nao ni wa kale.

Wala wazo hili si la Waafrika peke yao. Kilatini kilikuwa na vis kwa umoja, maana yake msukumo, hata jeuri. Na wingi wake, vires, ulikuwa na maana ya nguvu za mwili na uwezo wa mtu. Waliotunga kamusi za Kilatini hawakuridhika kuandika kwamba la pili ni wingi wa la kwanza. Waliziandika maana hizo mbalimbali, na kila mwanafunzi wa Kilatini huzijifunza mbalimbali. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikutana pia na neno la kale la Waskoti, smeddum, ambalo Lewis Grassic Gibbon alilifanya jina la hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1934. Leo ni uimara wa moyo na nguvu za kutenda. Lakini asili yake ni unga laini uliosagwa. Waskoti nao, basi, walipotafuta jina la kitu kinachomfanya mtu asimame imara, walitazama ghalani. Mkulima wa Ruangwa anayejua kwamba nguvu za kulima hutoka kwenye ugali hatashangaa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mchezo wa wasomi. Katika shule moja ya msingi ya wilaya hizi, ambayo sitaitaja, niliona daftari la mtoto lenye zoezi la umoja na wingi. Sentensi aliyopewa ilikuwa "Nguvu zetu zimekwisha", naye aliagizwa aiandike katika umoja. Akaandika: "Nguvu zangu zimekwisha." Mwalimu akampiga alama ya kosa na kuandika kando, kwa kalamu nyekundu: "Nguvu yangu imekwisha." Mtoto yule alikuwa sahihi mara mbili. Alikuwa sahihi kwa Kiswahili, kwa kuwa mwenye nguvu amekuwa mmoja ilhali nguvu zenyewe hazikupungua idadi, maana hazina idadi. Na alikuwa sahihi kwa Kimwera cha nyumbani kwao. Mwalimu naye simlaumu. Alifuata kitabu, na kitabu kilifuata kamusi. Lakini tazama lililotokea. Kamusi iliyofanywa ili kuihifadhi lugha imemfikia mtoto anayeijua ikamwambia haijui. Tena mtoto wa kusini, ambaye tangu zamani makosa yake yote huelezwa kwa neno moja, kwamba ni athari ya lugha mama. Hapa lugha mama ilimsaidia, naye akaadhibiwa kwa msaada huo.

Kuna jambo zito kuliko daftari. Kiswahili kina msemo wa "kwa nguvu", nao hauna upatanisho wowote; hauonyeshi i- wala zi-. Linganisha sentensi hizi: "Nimejenga nyumba hii kwa nguvu zangu", na "Ameingia katika nyumba hii kwa nguvu". Ya kwanza ni fahari, ya pili ni mashtaka. Kinachozitenga ni lile neno zangu, ambalo hurudisha akiba kwa mwenyewe. Ukiliondoa, nguvu hubaki pasipo mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huangukia mara nyingi upande wa msukumo. Ni kweli kwamba twasema pia "vuta kwa nguvu" na "imba kwa nguvu", na hapo hapana aliyeonewa. Lakini panapokuwa na watu wawili, mtendaji na mtendwa, msikilizaji hahitaji kuelezwa.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa wameusikia msemo huo vya kutosha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika, uliokusudiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, na Nachingwea ikafanywa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Ilijengwa reli kutoka pwani ya Mtwara. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita vilivyokwisha kazi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36; reli nayo ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Ilikuwa nguvu ya i- kwa maana kamili: msukumo mkubwa uliotoka mbali, usiouliza udongo una akiba gani. Kisha, mwezi Novemba 1973, lilitoka agizo kwamba kuishi katika vijiji ni lazima kwa watu wote wa mashambani, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Serikali ilisema lazima. Pwani zamani kazi ya kulazimishwa iliitwa shokoa. Wananchi husema kwa nguvu, na katika kukusanya habari za wazee mara nyingi nimeona msemo huo ukiandikwa na watafiti pasipo kuulizwa zaidi: nguvu za nani, juu ya nani?

Baadaye likaja neno nguvukazi. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapangia watu kazi, na utekelezaji wake, ambao ulihusu kuwakamata walioonekana hawana kazi katika miji na kuwapeleka mashambani, ukajulikana kwa watu kwa jina hilo. Sina haja hapa ya kuihukumu sheria. Nalitazama neno. Nguvukazi halisemwi kwa zi- kuhusu mtu. Hakuna asemaye "nguvukazi zangu". Husemwa nguvukazi ya taifa, ya kiwanda, ya mkoa. Zile nguvu zilizokuwa za mwenyewe zimetolewa mwilini mwake, zikakusanywa na za wenziwe, zikawa kitu kimoja chenye mwenyewe mwingine. Hata mtu mwenyewe sasa huitwa nguvukazi. Sijui mfano mwingine katika lugha yetu unaoonyesha kwa ufupi hivyo jinsi badiliko la upatanisho linavyoweza kubeba badiliko la hali ya watu.

Tena uko mfano wa kinyume chake, nao ni hai katika wilaya hizi kama ilivyo kwingineko nchini. Kijiji kikitaka darasa, watu huchanga, hufyatua matofali, husomba mchanga na maji, hupandisha kuta. Serikali huja kumalizia paa na sakafu. Taarifa rasmi husema kuta zimejengwa kwa nguvu za wananchi. Wanasiasa, kwa upande wao, huzungumza juu ya nguvu ya umma. Mwananchi na umma ni watu wale wale. Lakini nguvu za wananchi ni jasho, siku za kazi, fedha zilizotoka mfukoni, na vyote hivyo vikitumika hupungua. Nguvu ya umma ni kishindo kinachoweza kuangusha kiongozi, na kishindo hakipungui kwa kutumika, huenda kikazidi. Siku hizi naona taarifa nyingine zikiandika "nguvu ya wananchi imejenga darasa". Mwandishi adhani amesahihisha sarufi. Kwa kweli amefuta gharama. Akiba ikishaitwa msukumo hapana tena mtu wa kuuliza imebaki kiasi gani, wala kama waliochanga mwaka jana wanaweza kuchanga tena mwaka huu ambao korosho hazikupata bei.

Naona pingamizi mbili ambazo msomaji makini atazileta. La kwanza ni neno mabavu. Hilo limo katika wingi, tena katika ngeli ya ma-, na maana yake ni uonevu mtupu. Je, halivunji kanuni? Sidhani. Mabavu yana undugu na ubavu na mbavu, na mpaka leo twasema mtu hana ubavu wa kufanya jambo fulani. Ni kiungo cha mwili kilichopewa kazi ya kusimamia uwezo, na wingi wake ni wingi wa ukubwa na wa kutisha, sawa na majitu na madume. Halikupita njia moja na mashili. La pili ni nguvu za nyuklia na nguvu za jua, ambazo si za kiwiliwili chochote. Pingamizi hili, badala ya kuniangusha, laniunga mkono. Waliotafsiri maneno hayo walihisi pasipo kuambiwa kwamba hapa panazungumzwa hazina iliyomo ndani ya kitu, ikingoja kutolewa. Wanafizikia wetu walipohitaji kutenga mambo hayo mawili waliliacha neno nguvu wakachukua mengine: nishati kwa ile hazina, na kani kwa ule msukumo, neno la kale ambalo watu walikuwa wakilitumia kwa ukaidi na ushindani. Ni uteuzi mzuri. Ila msomi wa fizikia anapofundishwa kwamba Kiswahili hakikuwa na tofauti hiyo mpaka kamati ilipokaa, hafundishwi kweli. Tofauti ilikuwapo katika viambishi, na mtoto wa Ruangwa alikuwa nayo kabla hajavaa sare ya shule.

Nini basi lifanyike katika toleo lijalo la kamusi? Neno nguvu liandikwe mara mbili, kama tuandikavyo mara mbili maneno yenye sura moja na maana mbalimbali. Au, ikiwa wahariri waona hayo ni mengi mno, libaki mahali pamoja lakini maana ya kwanza iwekewe alama ya zi- peke yake, na ya pili alama ya i- peke yake. Msemo wa "kwa nguvu" upewe nafasi yake, na mifano miwili, mmoja wenye zangu na mmoja usio nayo. Nguvukazi ionyeshwe kuwa ni ya i-, na mwaka wa sheria utajwe. Mazoezi ya shule ya umoja na wingi yaliache neno hili kabisa, kama yanavyoyaacha maji. Hapana mwalimu anayemwambia mtoto aandike umoja wa "maji yetu yamekwisha" kwa kuyaondolea maji wingi wake.

Na pembeni mwa nguvu, pale kamusi inapotaja asili ya maneno, ningependa kuona yametajwa nguzu, mashili, machili, dimongo na ikuru. Wapo watakaosema kwamba kamusi ya Kiswahili si ghala la lugha nyingine. Lakini tumezoea kutaja Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, lugha za watu waliofika kwa jahazi na meli, na hatuoni ajabu. Aliyekuwa akilima ng'ambo ya pili ya bonde siku zote hizo, naye ana neno.